Gunia la Kituo cha Pili

Mji wa Lipova, Nebraska, ulikuwa na watu elfu moja na mia nne, na wote walijua kwamba Albina Vondra ana wivu. Alijulikana kwa wivu kama mtu mwingine anavyojulikana kwa kipara. Wala hakuuficha. Ukimwambia, "Albina, wewe una wivu," alikujibu, "Ninao, na ninautunza vizuri kuliko wewe unavyotunza kuku wako," kisha akaendelea kuanika shuka.

Wivu wenyewe ulikuwa na jina, na jina lake Rozina. Rozina alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alizaliwa Albina akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo kila kitu nyumbani kwao kikawa kinakatwa vipande viwili, na kile kikubwa kinakwenda chenyewe kwa Rozina, bila kusukumwa. Mama yao alipofariki, Rozina alirithi mfarishi wa manyoya ya bata bukini, ule mzito ambao hata theluji ikiziba madirisha mtu hulala kifua wazi. Albina alirithi bata bukini wenyewe, na walikuwa wakali. Kijana mmoja kinyozi, Sedlak, alicheza polka na Albina Jumamosi sita mfululizo. Jumamosi ya saba Rozina akarudi kutoka kwa shangazi yao Omaha amevaa viatu vipya, na Albina akarudi nyumbani kwa miguu yake akijipigia mluzi. Baadaye aliolewa na Vondra wa ghala la nafaka, mwanamume mwema ambaye katika miaka thelathini hakumwambia neno baya, wala zuri, wala la katikati.

Waume wote wawili walikwisha kufa. Wajane wakabaki wakikaa nyumba mgongo kwa mgongo, uani kwao pametengwa na uzio wa mbao. Albina alijua idadi ya madirisha ya Rozina. Alijua pia ni mangapi yanafunguka vizuri.

Sasa, Lipova ilikuwa na timu ya besiboli, Panzi wa Lipova, timu ya kulipwa, ingawa malipo yalikuwa ya kununulia sabuni. Vijana walitoka mbali, Oklahoma, Arkansas, Tennessee, wakaja mwezi wa sita wakaondoka mwisho wa mwezi wa nane, na kwa kuwa mji haukuwa na hoteli, walilala kwa wajane. Kila mjane alipewa mchezaji mmoja. Na mjane alipata heshima yake mjini kufuatana na mchezaji wake.

Mchezaji mwenye heshima kuliko wote alikuwa mwizi. Wizi wa kule uwanjani haumpeleki mtu jela, humpeleka gazetini. Mkimbiaji akiwa amesimama kituo cha kwanza humvizia mrushaji. Mrushaji akishainua tu mguu, huyu huchomoka, mbio mpaka kituo cha pili, anaingia kwa kuteleza kabla mpira haujamfikia. Akifika, kimeibiwa kimoja. Akiguswa na mpira njiani, anarudi kukaa benchi na vumbi lake. Katika ligi ile ya miji minane walikuwa wakihesabu wizi tangu mechi ya kwanza mpaka ya mwisho, na gazeti la Ijumaa lilitoa orodha: nani anaongoza, nani anamfuata, nani ameanza kuzeeka.

Na Lipova walikuwa na desturi yao. Kituo cha pili ni kigunia cha turubai kilichoshindiliwa, kinafungwa chini kwa mikanda. Siku ya mwisho ya msimu kilifunguliwa, kikafutwa vumbi, akapewa yule Panzi aliyeiba vituo vingi kuliko wenzake. Yeye akasimama kwenye kipaza sauti na kumtaja mwanamke aliyemlisha, na mwanamke huyo akalibeba gunia nyumbani, akaliweka barazani, akalikalia. Mwaka mzima kila anayepita hana budi kusema, "Umekaa, mama," naye kujibu, "Nimekaa."

Rozina alikuwa nayo matatu. Miaka mitatu mfululizo alipewa vijana wembamba wenye miguu ya swala, na baraza lake lilijaa magunia mpaka mtu wa barua akakosa mahali pa kutia mguu. Kuku walioishi upande ule wa mtaa waliacha kutaga kwa kuona haya. Albina miaka ile mitatu alipewa wadakaji, na mdakaji ni mtu wa kuchutama, mnene, magoti yanalia kama mlango. Wa mwisho alivunja kitanda.

Kwa hiyo mwaka 1957 Albina alivaa kofia ya kanisani akaenda kwa meneja wa timu, Bwana Stastny, akakaa ofisini kwake bila kukaribishwa.

"Nataka mwembamba," alisema.

"Mama Albina, hatugawi kwa kupima."

"Basi anza leo. Na sitoki."

Bwana Stastny alivumilia mpaka saa ya chakula, njaa ikamshinda. Akampa Orrin Tackett wa Arkansas, kijana mrefu kama mti wa bendera, aliyekimbia upesi hata vumbi aliloliacha kituo cha kwanza lilikuwa bado linafikiria kupanda wakati yeye ameshafika cha pili na anafunga kamba za viatu. Albina alipomwona akishuka basi, machozi yalimlenga.

Lakini Rozina naye akapewa Delmar Pruitt wa Oklahoma, na huyo naye alikuwa mwizi wa kuzaliwa. Orodha ya Ijumaa ya kwanza: Pruitt vinne, Tackett vitatu. Ya pili: Pruitt tisa, Tackett tisa. Mwezi wa saba wote ukaisha hivyo, huyu akinyoosha shingo, yule akimfikia, na Albina akawa hapati usingizi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alijua kwamba mwembamba kama Orrin hatapata tena, kwa sababu Bwana Stastny sasa alikuwa akifunga mlango akiona kofia yake. Gunia ni mwaka huu au amelikosa mpaka kaburini.

Ndipo akafanya mambo mawili, na yote mawili aliyafanya jikoni.

La kwanza, alimpunguzia Orrin chakula. Aliamini kwamba mwizi mzito hakimbii. Asubuhi yai moja la kuchemsha. Mchana mchuzi mwepesi ambao ungeweza kusomea gazeti kupitia humo. Jioni majani ya saladi na kipande cha mkate, kimoja, na alikikata yeye mwenyewe.

La pili, alimwita Delmar. Alimwita kupitia uzio, siku ambayo Rozina alikwenda kusuka zulia na wanawake wa parokia.

"Kijana, wewe unapenda nyama ya nguruwe ya kuoka?"

"Mama, mimi hata sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo."

Albina akamwekea nyama ya nguruwe, kabichi iliyochachushwa, na madonge. Si madonge ya mchezo. Ni yale ya kwao Wacheki, unga uliochanganywa na vipande vya mkate wa juzi, ukaviringishwa mnene kama mkono, ukachemshwa, ukakatwa kwa uzi kwa sababu kisu huyaumiza. Donge moja lilitosha kumlaza seremala. Delmar alikula sita akaomba mchuzi wa kupangusia sahani.

"Kesho uje tena," Albina akamwambia kwa sauti tamu. "Usimwambie mdogo wangu. Atajisikia vibaya, mapishi yake hayajakaa sawa tangu zamani."

Akaja kesho, na kesho kutwa, na kila siku timu ilipokuwa nyumbani. Albina aliyakanda madonge yale akiwa amekaza meno. Kila alipoupiga unga alisema moyoni, "Kaa chini, Delmar. Bakia chini." Unga ulipanda kwa woga.

Kijana akanenepa kweli. Vifungo vya shati vikaanza kumkimbia yeye. Lakini wizi haukupungua, maana alikuwa amegundua njia mpya ya kuingia kituoni: alikuwa akija kwa tumbo kama nguruwe aliyeponyoka kwenye tope, na mlinzi wa kituo, akimwona uzito wake na mwendo wake, alisogea kando akafikiria watoto wake. Thelathini na kimoja. Thelathini na vinne.

Orrin, upande wake, alitoboa mkanda tundu la tatu. Harufu ya nyama ilikuwa ikipanda mpaka chumbani kwake kila adhuhuri. Siku moja alishuka ngazi akasimama mlangoni pa jikoni, akimtazama Delmar anavyotafuna.

"Mama Albina," alisema, "mimi ninalala hapa, huyu analala kule. Mbona yeye anakula kama bwana harusi na mimi kama niliyefanyiwa upasuaji?"

"Wewe ni mwanangu. Huyu ni mgeni."

"Basi naomba kuwa mgeni."

"Kaa ule saladi yako."

"Hii saladi nikiiangalia naona sahani."

Delmar akacheka mpaka akapaliwa. Orrin akarudi chumbani. Albina hakulisikia lililokuwa ndani ya sauti ile, na hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu kama kuna mtu mjini aliyepaswa kuutambua wivu kwa mlio wake tu, ni yeye.

Ijumaa ya mwisho gazeti liliandika: Pruitt thelathini na vinane, Tackett thelathini na vinane. Ikabaki mechi moja, Jumapili, saa nane mchana, nyumbani.

Jumapili hiyo, mara baada ya misa, Albina alipika kama anayetarajia kikosi cha zimamoto. Delmar alikaa mezani saa tano na nusu. Alipofika donge la kumi na nne aliegemea kiti, akamwangalia Albina kwa macho ya ndama.

"Mama," alisema, "nikilipata lile gunia leo, nitalitaja jina lako. Kulala nimelala kwa mama Rozina, lakini aliyenilisha ni wewe. Nimeshaamua."

"Kula kwanza," Albina akasema, akamkatia jingine kwa uzi. Moyoni alikuwa akicheka. Gunia utalipata wapi, akawaza, na tumbo hilo?

Akatoka uani kuchuma vitunguu majani vya kupambia sahani. Bustani yake iligusa uzio, na upande wa pili wa uzio lilikuwapo dirisha la jiko la Rozina, mojawapo ya yale yanayofunguka vizuri. Ndani alikaa Orrin. Shingoni amefungwa kitambaa cha mezani. Mbele yake kuku mzima wa kukaangwa, yaani alikuwa mzima, sasa amebaki mgongo.

"Taratibu, mwanangu," Rozina alikuwa akisema. "Hakuna anayekufukuza."

"Mama Rozina, hizi wiki mbili ungeniacha ningekufa."

"Najua. Nimekuona ukila maua ya dirishani."

"Lile gunia nikilipata ni lako. Aliyenilisha si ni wewe?"

"Mimi sikusema kitu," Rozina alijibu, akimwongezea viazi. "Dada yangu ndiye aliyeanza. Anadhani sijui Delmar anakwenda wapi kila adhuhuri? Anarudi kwangu ananuka kabichi, ananiambia ametoka kusali."

Albina alichutama kwenye vitunguu kama mdakaji. Akapiga hesabu, na kila alivyoigeuza ilitoka vilevile. Orrin akishinda, gunia ni la Rozina. Delmar akishinda, gunia ni lake. Na Delmar yuko pale ndani ana madonge kumi na matano tumboni, yote ameyakanda yeye kwa mikono yake.

Alirudi jikoni mbio. Delmar alikuwa ameshika la kumi na sita. Akamnyang'anya mkononi.

"Inuka," alisema. "Zunguka nyumba."

"Mama?"

"Zunguka nyumba mara ishirini. Haraka. Unywe na siki."

Kijana alizunguka mara mbili akakaa chini ya tangi la maji ya mvua kupumzika.

Uwanjani akina dada hawa wawili waliketi benchi lilelile waliloketi tangu timu ianze, mkoba wa Albina ukiwa katikati kama ukuta. Hawakusalimiana. Mchezo ulikwenda bila mtu kuiba chochote, wote wawili wakipiga vibaya, Orrin kwa kushiba kusiko kwa kawaida yake, Delmar kwa sababu alishindwa kuinama. Mpaka ngwe ya saba kati ya tisa, Delmar akapewa kituo cha kwanza bure, baada ya mrushaji kukosea mara nne. Alikwenda kwa kutembea. Hata kutembea kulimtoa jasho.

Albina akasimama. Katika miaka yote hakuwahi kusimama.

"Kimbia, Delmar," akapaza sauti.

Rozina aligeuka polepole. "Leo unamshangilia wa kwangu?"

"Ninashangilia timu."

"Tangu lini?"

"Nyamaza, anajiandaa."

"Huyo ni wangu, Albina. Kaa chini. Shangilia wako."

"Wangu yupi? Yule uliyemkaangia kuku?"

Rozina akasimama naye. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na rangi ambayo Albina aliijua vizuri, kwa maana aliiona kila siku kwenye kioo chake. "Delmar anawaambia wenzake madonge yako yanamlaza kama mtoto," alisema. "Kwangu anasukuma sahani."

Hapo mrushaji aliinua mguu.

Delmar alichomoka. Mguu ulitangulia, tumbo likafuata baadaye kidogo, kama gari la pili la treni. Nusu ya kwanza alikwenda vizuri. Nusu ya pili madonge yalikumbuka kwamba ni madonge. Alijitupa kwa tumbo mapema mno, akateleza, akateleza, akakwama umbali wa mkono mmoja kabla ya kituo, na hapo akabaki, amenyoosha vidole kuelekea gunia. Mlinzi alipata nafasi ya kurekebisha kofia, akainama, akamgusa na mpira kwa upole. Delmar akacheua. Walisikia mpaka waliokaa kwenye paa la ghala la nafaka, na farasi wa kasisi akaitikia.

"Ametoka," akasema mwamuzi.

Ngwe ya nane Orrin alipiga mpira mfupi, akafika cha kwanza, akaiba cha pili kwa kutembea haraka tu. Thelathini na tisa.

Kwenye kipaza sauti alisema maneno machache, kwa kuwa bado alikuwa ana mfupa wa kuku mfukoni na alitaka kuondoka. "Gunia hili ni la mama Rozina Sedlak, aliyenilisha." Watu mia sita wakageuka, si kumtazama Rozina, bali Albina. Mwanamke aliyekaa nyuma akauliza, kwa wema kabisa, "Kwani Albina, wewe hukumpa chakula?"

Albina akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Alipitia njia ndefu, ili asione Rozina akishangiliwa, lakini masikio hayana mlango.

Jumatatu vijana walipanda basi. Delmar, kabla ya kupanda, alipitia jikoni kwa Albina kuomba madonge ya safari. Akafungiwa manane kwenye karatasi. Kwa Rozina aliagia mlangoni tu, kofia mkononi, mguu mmoja tayari barabarani. Rozina aliyaona yote kupitia uzio.

Jumatano aliingia uani kwa Albina amebeba gunia kwapani. Lilikuwa la nne. Hakutafuta maneno.

"Nataka kujua unavyopika," alisema.

"Gunia unalo."

"Ninayo manne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba chakula cha safari." Akaliweka gunia juu ya meza, katikati ya maganda ya viazi. "Chukua. Niambie."

Albina alilitazama gunia kwa muda mrefu. Alimtazama na mdogo wake, na akaona kwamba Rozina naye hakulala siku tatu. Ilimpendeza sana, mpaka akaona aibu kidogo, kisha aibu ikapita.

Akamwambia. Unga kiasi hiki, mayai mawili, maziwa ya uvuguvugu, hamira, mkate wa juzi uliokatwa vidogo. Kanda, acha upande, viringisha, chemsha, geuza mara moja, kata kwa uzi. Hakudanganya hata neno.

"Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi," alisema Rozina.

"Basi ndivyo."

"Mama alitufundisha wote wawili hivyohivyo."

"Ndivyo."

"Umeficha kitu."

Hakuficha kitu. Hapakuwa na cha kuficha. Albina aliufungua mdomo kusema hivyo, akaangalia jicho la mdogo wake lilivyomtoka kwa uchu, akaufunga tena.

"Huenda," alisema.

Tangu wiki ile moshi ulitoka jikoni kwa Rozina asubuhi na jioni. Alijaribu unga wa Omaha, akajaribu mkate wa wiki nzima, akajaribu maji ya kisima cha kasisi. Yaliyoharibika aliwamwagia bata bukini wa Albina kupitia uzio, nao wakanenepa mpaka wakawa wapole.

Albina aliliweka gunia barazani akalikalia. Watu walipopita walisema, "Umekaa, mama," lakini kwa kuuliza, kwa kuwa kila mtu alijua lilivyofika pale. "Nimekaa," alijibu. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo Rozina kwa miaka mitatu hakumwambia mtu: gunia lile lilikuwa gumu kama jiwe. Limekanyagwa msimu mzima kwa viatu vya misumari, pamba imegandamana, turubai linauma kama mwiba. Dakika kumi tu zilitosha kumfanya mtu atamani kiti cha kanisani.

Alikuwa karibu kuinuka. Lakini alipotupa jicho kando ya nyumba alimwona Rozina dirishani, mikono imejaa unga mpaka viwiko, anamtazama. Kwa hiyo Albina alijiweka vizuri zaidi, akakunja nne, akakaa hapo mpaka saa ya chakula cha jioni.